Koti la Dokta na Daftari la Vipimo

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, haina hata pindo la uongo. Naapa kwa sharubu zangu hizi, nilizozilea miaka thelathini na miwili kwa mafuta na subira. Mtu akinikamata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya mtama, aje na wembe. Nitakaa kitini mwenyewe bila kufungwa kamba.

Kuna barabara moja ambayo upande huu ina ukuta wa chuo cha udaktari, na upande ule ina duka la kushona makoti meupe. Dukani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi nzito, benchi la wateja, na mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Fundi. Kwenye cherehani ya dirishani alikaa binti yake. Huyo walimwita Sindano, kwa ajili ya wembamba wake, na ukimchokoza, kwa ajili ya ulimi wake.

Sindano alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na miguu miwili na vishimo mashavuni, ukiishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Ulikuwa ni mtoto wa mama yake mdogo, ambaye ukoo mzima ulimwita Dokta.

Jina hilo ndilo lililozaa yote. Walipokuwa na miaka sita, kuku wa bibi yao alivunjika mguu. Sindano ndiye aliyetafuta vijiti, akachana kitambaa, akafunga, akadonolewa mpaka damu. Mwenzake alishika kichwa cha kuku tu na kusema "pole, pole." Lakini kuku alipoanza kutembea, ni yule mwenzake aliyekimbia uani kutangaza, na bibi akamnyanyua juu: "Dokta wangu!" Kuku aliishi miaka minne. Jina liko hai hadi leo.

Kwa miaka kumi na minne Sindano alilimeza jina hilo kila siku. Harusini: "Dokta amefika?" Msibani: "Mpisheni Dokta akae." Mjomba akikohoa: "Dokta, hebu njoo usikilize." Na Dokta anasikiliza! Anakunja uso, anaweka sikio mgongoni mwa mjomba, anasema, "Mjomba, unywe maji ya moto." Na mjomba anapona, mzee yule msaliti! Sindano alikuwa akitazama hayo pembeni, donge limemkaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Mwaka ule wote wawili waliomba nafasi katika chuo kile cha ng'ambo ya barabara. Walijaza fomu kwenye meza moja, kwa kalamu moja. Matokeo yalipobandikwa langoni, Dokta alikuwa wa hamsini kati ya waliochaguliwa hamsini. Sindano alikuwa wa kwanza. Wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Kati ya jina lake na la Dokta palipita mstari mmoja wa wino.

"Akiba maana yake nini?" Fundi aliuliza, sindano tatu mdomoni.

"Mmoja akijitoa, naingia mimi."

"Basi tumwombe Mungu."

"Naomba, mama," Sindano alisema. Hakueleza anaomba nini.

Jumatatu yake mama mdogo aliingia dukani na kitambaa cheupe begani, anang'aa kuliko hicho kitambaa. "Nani mwingine amshonee Dokta kama si dada yake? Nataka koti ambalo mtu akiliona, homa inashuka yenyewe!"

"Dada, usinibane sana," Dokta alisema akisimama mbele ya kioo, mikono juu. "Na kola iwe kubwa."

"Kola kubwa ni ya wenye shingo," Sindano alijibu.

Dokta akacheka. Hilo nalo lilimuudhi Sindano. Ukimchoma, anacheka. Utamchoma wapi sasa?

Vipimo vikaandikwa daftarini. Daftari hilo sharti nilieleze, maana mambo yote yatalirudia. Fundi alikuwa haandiki majina ya wateja. "Watu hubadilisha majina," alikuwa akisema, "lakini matumbo hayasemi uongo." Aliandika kazi ya mtu, vipimo vyake, alama moja ya kumkumbukia, na maneno ya kutarizi mfukoni mwa koti. Kwa hiyo Dokta aliandikwa: *Mtoto wa mdogo wangu. Kifua 38, kiuno 32. Vishimo mashavuni. Mfukoni: Dokta.*

Sindano alitandika kitambaa mezani, akashika chaki. Usiniulize kama alikusudia. Vipimo vya Dokta vilikuwa daftarini, lakini macho ya Sindano yalikuwa kwenye kioo, na mkasi ulipomaliza safari yake, koti lilikuwa limekatwa kifua 34, kiuno 26. Kuna mtu mmoja tu mtaa mzima mwenye vipimo hivyo. Akalishona hivyo hivyo, akalitundika nyuma ya pazia.

Juma lile lile upepo ukageuka. Tangazo lilibandikwa: Baraza la Madaktari linakichunguza chuo. Ithibati yake, yaani kile kibali kinachosema kwamba shule hii inafaa kutoa madaktari, inaning'inia. Chuo kina walimu wachache mno, na wakaguzi watarudi kuhesabu upya.

Loo! Duka la Fundi likageuka mahakama. Waliochaguliwa walifurika wakiwa na risiti za makoti mikononi, kila mmoja na swali lake.

"Nikisoma miaka mitano halafu kibali kikafutwa, nitakuwa daktari au nitakuwa nini?"

"Utakuwa mtu mwenye koti," alijibu mwenzake.

"Mtihani wa leseni watanikubalia?"

"Naweza kuhamia chuo kingine na miaka yangu, au naanza upya?"

"Baba ameshauza shamba," alisema kijana mmoja mrefu, na hakuuliza chochote. Alikaa tu kwenye benchi akitazama viatu vyake.

Sindano alinyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani. Ghafla aliona njia. Dokta alikuwa amekaa pale pale benchini, wa hamsini, anatafuna kucha. Mtu mmoja tu akiogopa vya kutosha, akajitoa, mstari wa wino unafutika.

"Mimi nakaa hapa dirishani," Sindano alianza, sauti ya mtu asiyetaka kusema. "Naona mengi. Lakini si kazi yangu."

"Sema, dada!"

"Ile mifupa ya kufundishia... ni ya plastiki. Na haijatimia. Mguu mmoja ni wa meza."

"Mungu wangu!"

"Na ile maiti ya kupasulia ni moja tu tangu chuo kianze. Imeshonwa ikashonuliwa mpaka haina pa kushika. Mnadhani nani anaishona? Uzi unanunuliwa hapa."

Fundi aligeuka polepole. "Uzi gani huo, mwanangu?"

"Mama, pasi inaunguza."

Siku tatu alishona uongo kwa kasi kuliko makoti. Alisema mgonjwa wa mazoezi ni mmoja, analipwa, na Jumamosi ana harusi zake. Alisema darubini ina picha ndani. Na kila aliposema, alikuwa akimtazama Dokta kwa pembe ya jicho. Dokta alikuwa amekonda kidogo, ila si kufikia ishirini na sita.

"Dada," Dokta alimwambia wakiwa peke yao, "wewe unanitakia mema. Nifanye nini?"

Kaa la moto likatua kifuani mwa Sindano. Hata kuaminiwa, huyu mtoto anajua kumshinda! "Mimi ningekuwa wewe," akasema, "ningejitoa mapema."

"Nitafikiri."

Baada ya wiki tatu redio ya dukani ikatangaza: wakaguzi wamerudi, wameridhika. Wamekuta chuoni walimu wapya kumi na wanne, wote wana makoti, wote wako vyumbani mwao. Chuo kitapewa kibali cha muda. Waliochaguliwa walikumbatiana barabarani. Dokta alirukaruka. Sindano mguu ulisita kwenye kanyagio.

Kumi na wanne.

Alivuta daftari la vipimo, akarudi nyuma kurasa sita. Mwezi uliopita Msajili wa chuo alileta watu kumi na wanne kupimwa, haraka haraka, akisema ni makoti ya mchezo wa kuigiza wa mahafali. Fundi aliandika kama kawaida yake. *Mpishi wa bweni. Kifua 46. Anachechemea. Mfukoni: Profesa, Magonjwa ya Moyo. Dereva wa basi la chuo. Bega la kushoto limeshuka. Mfukoni: Profesa, Upasuaji. Mfua mashuka...* Na wa kwanza kabisa kwenye ukurasa: *Bawabu wa lango kuu. Kifua 44, tumbo 48. Sharubu zinafunika kifungo cha kwanza. Mfukoni: Profesa, Mifupa.*

Hapa niseme neno juu ya bawabu huyo, ingawa mimi simfahamu, nilimwona kwa mbali tu. Alikuwa mwanamume wa haiba, ana sharubu kama pembe za fahali. Siku ya ukaguzi, mkaguzi alimuuliza mifupa ya binadamu, naye akaitaja yote mia mbili na sita, kuanzia kichwani kushuka, kisha akapanda nayo kurudi juu. Mkaguzi alitoa machozi. Hayo ni kweli, sharubu zangu ni shahidi. Tuendelee.

Sindano alikaa na daftari mapajani. Siku tatu nzima alikuwa amedanganya, kumbe ukweli ulikuwa umekaa kwenye rafu yake, mkubwa kuliko uongo wote aliouzua. Mtu mwema angekimbia kuwaambia wote. Sindano alimwita mmoja.

Dokta alikuja kujaribu koti. Aliingiza mkono wa kwanza, wa pili ukakwama kwenye kiwiko. Alivuta. Mshono ukalia. Akajitazama kwenye kioo, kisha akamtazama Sindano, kisha akarudi kwenye kioo, ambamo wote wawili walikuwa wamesimama, mmoja mnene kidogo na mmoja mwembamba. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Hili koti si langu, dada."

"Nilikosea kipimo."

"Fundi kama wewe? Inchi nne?" Dokta alilivua taratibu, akalikunja, akaliweka mezani. "Kumbe ndiyo maana. Mguu wa meza, maiti, uzi. Ulitaka nafasi yangu."

Sindano akawaka. "Nafasi yako! Na yule kuku alikuwa wa nani?"

"Kuku gani?"

Hata kumkumbuka hakumkumbuka! Miaka kumi na minne Sindano amebeba kuku huyo kifuani, na mwenye jina hata unyoya hana habari nao. Alilitupa daftari mezani mbele yake. "Mimi nina kijicho, sawa. Usiuamini mdomo wangu. Soma mwandiko wa mama yako mkubwa."

Dokta alisoma. Alisoma mara mbili, kidole juu ya mstari. Akaangalia nje: ng'ambo ya barabara, Profesa wa Mifupa alikuwa akimfungulia lango mwuza mboga.

"Nakushukuru," alisema. "Kwa hili, si kwa lile koti."

Kesho yake alijitoa.

Siku ya nne barua ikaja na jina la Sindano. Amepata nafasi, afike Ijumaa kutia saini. Fundi aliimba. Majirani waligonga dirisha: "Dokta! Dokta mpya!" Sindano alilivaa lile koti, likamkaa kama maji kwenye glasi. Alifumua jina lililotariziwa mfukoni, akatarizi tena lile lile, kwa uzi mzito zaidi. Na lile daftari? Alilijua vizuri. Alijiambia: chuo ni chuo, koti ni koti, kitu cha kwanza ni jina. Akalitia mkobani ili mama asije akalifungua mbele ya mteja.

Ijumaa asubuhi alivuka barabara. Bawabu alimpigia saluti. "Karibu, Dokta!"

Neno tamu hilo, la kwanza kutoka kwa mtu wa serikali ya chuo. Lakini lilitoka chini ya sharubu zile, na Sindano akajikuta anauliza, "Profesa, leo una kipindi?"

"Nikimaliza zamu," bawabu alijibu kwa heshima.

Ofisini kwa Msajili palikuwa na foleni ya makoti aliyoyashona mwenyewe. Kijana mrefu wa shamba alikuwa mbele yake, hatimaye naye anauliza: "Mzee, kibali hiki kitadumu? Walimu wapo kweli?"

"Kumi na wanne," alisema Msajili, mikono miwili juu ya meza. "Wamehesabiwa. Tia saini."

Sindano akapewa kalamu. Wakati huo huo simu ikalia mkobani. Ilikuwa picha kutoka kwa mama mdogo, aliyoituma kwa ukoo mzima. Dokta alikuwa amepata nafasi chuo kingine, cha mbali, kile alichokiandika cha pili kwenye fomu. Kilikuwa ndani ya hospitali yenyewe. Amesimama wodini, kando ya kitanda, kidole kwenye mshipa wa mkono wa bibi kizee. Nyuma yake vitanda vimejipanga mpaka mwisho wa picha. Mama mdogo ameandika: *Siku ya kwanza tu, na mgonjwa anacheka!*

Sindano aliitazama. Akageuka dirishani, akamtazama Profesa wake akifukuza mbuzi langoni.

Kwa hiyo yeye atafundishwa na wagonjwa wa kweli, na mimi na bawabu? Miaka mitano yeye anashika mishipa, mimi nashikishwa funguo? Na baada ya hapo, mjomba akikohoa, nani ataitwa?

Wivu ulimpanda mpaka masikioni. Dhamiri yake, maskini, ilikuwa imebisha hodi wiki nzima bila kufunguliwa. Wivu uliupiga mlango teke. Aliiweka kalamu chini bila kutia saini, akalitoa daftari, akalifungua juu ya meza ya Msajili, akasoma kwa sauti ya mnadani: "Mpishi wa bweni, kifua arobaini na sita, Profesa wa Moyo!"

"Binti, daftari gani hilo?" Msajili alisimama.

"Mfua mashuka, Profesa wa Macho! Dereva wa basi, Upasuaji! Mwandiko wa mama yangu, na wote wako hapa uani. Njooni na futikamba, tuwapime tena!"

Kijana mrefu alikuwa wa kwanza kutoka kwenye foleni. Alimpita Msajili bila kumwambia neno, akaenda kumwangalia bawabu mfukoni.

Mengine unaweza kuyakisia. Baraza lilifunga mapokezi ya mwaka ule. Wote waliokuwa wametia saini waligawiwa vyuo vingine vyenye kibali, kijana wa shamba akiwa miongoni mwao. Wote, ila Sindano, kwa sababu yeye alikuwa ameiweka kalamu chini. Alirudi kwenye cherehani mwaka mzima. Mwaka uliofuata akaomba chuo cha mbali, kile chenye vitanda, akachaguliwa, naye safari hii hakuwa wa akiba. Akafika wodini na koti lake linalomkaa kama maji kwenye glasi, na mtu wa kwanza aliyesimama mlangoni kupokea wanafunzi wapya alikuwa na vishimo mashavuni.

"Karibu, mdogo wangu," alisema Dokta, aliyemtangulia mwaka mmoja. "Leo utanishikia kichwa cha mgonjwa. Sema pole, pole."

Kumbe Dokta alimkumbuka yule kuku! Sindano alikishika kichwa cha mgonjwa. Donge likarudi kooni, palepale pake pa zamani, lakini akasema "pole" vizuri kuliko Dokta alivyowahi kusema. Alihakikisha kila mtu amesikia.

Hapo ndipo nilipotaka kukiishia kisa changu. Lakini leo nimekuja nacho dukani kwa Fundi, na Sindano yuko nyumbani likizo. Amezisoma karatasi zangu zote, miguu juu ya benchi, mpaka mwisho. Kisha amenyoosha mkono rafuni bila kugeuka, akalivuta daftari la vipimo.

"Mzee," amesema, "bawabu humfahamu?"

"Nilimwona kwa mbali."

"Kifua arobaini na nne." Futikamba imenizunguka kabla sijainuka. "Arobaini na nne. Tumbo arobaini na nane. Limeongezeka, arobaini na tisa na nusu. Mama, kifungo cha kwanza kinaonekana?"

"Tangu nimjue sijakiona," amesema Fundi.

"Na ile mifupa mia mbili na sita? Yule mkaguzi sasa ni mwalimu wetu. Kila mwaka anatusimulia. Alikuuliza binadamu ana mifupa mingapi, nawe ukamjibu: 'Andika jina kwenye kitabu, na ueleze unakwenda kumwona nani.'"

Nikasema ni kwa sababu ya mazoea ya kazi. Nikasema nilistaafu kwa heshima. Nikasema kutoa machozi kweli alitoa, ingawa kwa kucheka. Hakuna aliyenisikiliza, Fundi alikuwa tayari anatafuta wembe kwenye droo ya vifungo, na Sindano ananifunga shuka shingoni, koti lake jeupe limekunjwa mikono, anang'aa kama siku ya mahafali.

"Pole," ananiambia. "Pole, pole."

Mwenzako akinyolewa, zako zitie maji. Zangu zimeshalowa. Upande wa kushoto umekwisha kwenda, na wa kulia naandika haya huku unaondoka.